Mashini ya Zahabu Haisemake "Hakuna"

Niko na miaka makumi mbili na tatu na tayari niko mu pansio, nimeacha kazi ya mashini. Musicheke. Hii kazi banaipimaka na masikio, habaipimake na mvi. Ninyi benye mumebakia na mashini hapa Kasenga, mu Uvira, mumenisumbua minye dada yenu mwezi muzima, "Yaya Riziki, tuandikie vile mulikuwa munafanya", basi njo hii. Niko na kaye zangu za kila siku, nilianzaka kuziandika tangu niko ku masomo. Nimezifungua ku meza na ninatosha mule yenye inafaa. Nani alikuwa shefu wa nani, nani alilipwaka ngapi, ile nitairuka. Haifundishe muntu kusikia zahabu.

Siku ya kwanza sikuyaka kutafuta kazi. Nilitoka kwetu Nyamianda na radio ya baba, ilikuwa inakohoa tu, nikaipeleka kwa Papa Kashindi, mwenye alikuwa anadepane, anatengeneza radio ku Kasenga, mu kibanda ya mabati pembeni ya kanisa. Nilikuwa nimemaliza sekondari, section ya walimu, diplome iko mukononi, na masomo yote imefungwa juu ya vita. Papa Kashindi hakuangalia ata radio yangu. Alikuwa na yake ku meza, ameiweka katikati ya stasio mbili, inafanya kelele kama mafuta ya moto mu sufuria.

— Mwalimu, mule banaongea bantu ngapi?

Sijue nani alimuambiaka nilisomea ualimu. Labda ni kalamu mu nywele.

— Batatu. Mumoja iko anaongea Kifaransa, mumoja anaimba, na mwengine anasoma majina ya bantu benye bafamilia yao inabatafuta.

— Minye nasikia babili.

— Yule wa majina iko chini kabisa, Papa.

Akaweka sikio ku radio. Akaikala vile muda murefu, akaniangalia.

— Kuya kesho asubui. Usivae bikomo ku mikono, usivae mukaba ya chuma, na viatu bya misumari uache kwenu.

— Na radio ya baba?

— Haiko na ugonjwa. Batri njo zilikufa.

Kesho yake njo nilionaka mashini za kusikia zahabu mu udongo kwa mara ya kwanza. Zilikuwa mbili. Muzungu mumoja mwenye alikuwa anatafuta zahabu mu milima ya juu alizileta azidepane, vita ikaanza, akavuka kwenda Bujumbura na hakurudia. Papa Kashindi alingojea mwaka muzima, kisha akaanza kuzitumikisha. Alisema muzungu akirudia atazikuta nzima, kuliko kuzikuta zimeliwa na kutu. Ile njo maelezo yake, ninaiandika vile aliisema.

Mashini ya kwanza tulikuwa tunaiita Muzee. Ilikuwa nzito, batri yake ulikuwa unabeba ku mugongo kama mutoto. Muzee alikuwa anashuka chini sana na udongo nyekundu haikumusumbua, lakini hakujua kuchagua: musumari, zahabu, kifuniko ya soda, byote kwake bilikuwa bitu tu, anabilia. Ya pili ilikuwa Mudogo. Nyepesi, sahani yake ya kupitisha juu ya udongo ni ndogo kama ile ya kulia, na ilikuwa na butoni ya kuchagua. Ukizungusha ile butoni, Mudogo ananyamaza ku chuma na anaongea ku zahabu. Alikuwa anasikia ata punje ya mchele. Lakini umupeleke ku udongo yenye iko na muchanga nyeusi, anapiga kelele kama mulevi mwenye bamekataza kuingia mu arusi.

Bafanya biashara balikuwa banatoka mbali kuomba shauri ya kununua mashini. Wote balikuwa na swali moja.

— Papa, hii inashuka metre ngapi?

— Udongo yako iko rangi gani?

— Minye nauliza metre, muzee.

— Na minye nauliza rangi.

Bengine balikasirika bakaenda kununua yenye bei kali. Balirudia nyuma ya miezi miwili, mashini iko mu gunia. Basi mushike ile: munachagua udongo kwanza, mashini inakuya nyuma. Zahabu yenu ikiwa ndogo ndogo na haiko chini sana, chukueni ya kuchagua na sahani ndogo. Ikiwa iko chini mu udongo nyekundu, chukueni yenye kelele na mukubali kuchimba misumari. Mashini ya kufanya byote banaiuzaka, lakini hakuna mwenye aliikutaka mulimani.

Wiki mbili za kwanza sikugusa mashini. Nilivaa ekutere tu ku masikio, Papa anatembeza sahani, minye nasikiliza. Niliandika mu kaye: "Leo tena mbu." Juu ile sauti ya chini, yenye unaiacha kila wakati mu masikio, iko kama mbu mumoja mu chumba. Bantu ba haraka banaizima. Ata minye nilitaka kuizima. Papa akanipiga ku vidole, pole pole, na tournevis yake ya kufungulia radio.

— Zahabu kubwa inapiga kelele, ata kiziwi anaisikia. Ile ndogo haipige kelele. Inasukuma mbu kidogo tu. Ukimufukuza mbu, nani atakuambia?

Kisha akanifundisha kutengeneza mashini na udongo. Unafika pahali, unatafuta kipande yenye haina chuma, unapandisha sahani mpaka ku goti, unaishusha, unapandisha, unashusha, na mukono mwengine unazungusha butoni pole pole mpaka mbu anabakia sauti moja, sahani ikiwa juu ao chini. Ukitembea hatua makumi mbili na udongo ikageuka rangi, unaanza tena. Ndiyo, tena. Sansibilite, ile nguvu ya kusikia, usiipandishe mpaka mwisho juu uko na tamaa. Mashini yenye inasikia kila kitu haisikie kitu. Sahani ikae karibu na udongo lakini isiguse, na upitishe pole pole, kila mupito ulalie nusu ya ule wa mbele. Minye nilikuwa napitisha mbio kama muntu mwenye anafagia kwa mama mukwe. Ilinichukua miezi mitatu kujifunza kutembea.

Na kila asubui, mbele ya kutoka, majaribio. Nyuma ya kibanda Papa alikuwa na mashimo matatu: moja ya musumari, moja ya ganda ya risasi, moja ya kipande ya hereni ya zahabu ya bibi yake, imefungwa mu mushumaa ku ncha ya kijiti. Butoni ikiwa wazi, mashini inapaswa kuongea ku mashimo yote matatu. Isipoongea vile, hatutoki. Niliona ile kama kupoteza wakati. Niliandika ata mu kaye, na mustari chini.

Mulimani, bachimbaji balikuwa na desturi yao: mwanamuke hakaribie shimo, juu zahabu inamuona inakimbia. Papa Kashindi hakubishana nabo. Alibaambia, "Huyu haiko mwanamuke, ni masikio ya mashini", bakafikiri, bakasema masikio yasimame hatua kumi. Nilisimama hatua kumi na kamba ya ekutere ikavutika mpaka Papa akaiongeza na waya wa radio. Siku ya tatu nilisikia mbu anasukumwa. Bakachimba, bakapasua lile donge ya udongo nusu na nusu, nusu yenye inalia tena nusu na nusu, mpaka ikabakia kijiko moja, na mule kijiko kulikuwa punje ya manjano. Kutoka siku ile zile hatua kumi zilikuwa zinapunguka zenyewe, na hakuna mwenye alizipima tena.

Shida kubwa ya ile miaka haikuwa bachimbaji. Ilikuwa maganda ya risasi. Vita ilipanda shaba mu kila kilima, na shaba, ninyi munajua, Mudogo anaisikia karibu sawa na zahabu. Butoni ya kuchagua inafukuza chuma, haifukuze shaba. Unachimba nusu saa, unatosha ganda. Unatembea hatua mbili, ganda. Nilikuwa nayaweka mu sanduku, na Papa alikuwa anasema ile sanduku inajua historia ya nchi kuliko diplome yangu.

Sasa ninakuya ku ile yenye mulitaka kujua, juu najua mulisikia vipande.

Mwaka wa tatu wa kazi, mama mumoja alikuya Kasenga kutoka Kiringye, kule mu bonde ya Ruzizi. Mama Spesi. Mujane, Murundi wa kule, rozari mu shingo, miguu iko na vumbi mpaka ku magoti. Basoda, bale askari ba vita, balipigaka kambi mu shamba yake. Bale balitoka, bengine bakaingia, nabo bakatoka. Bantu ba Kiringye bakarudia kutoka ukimbizini, na kesho yake mbuzi ya jirani iliingia mu ile shamba, ikakanyaga bomu, ikapasuka. Mvua ilikuwa karibu.

— Nasikia muko na mashini ya kuona chuma mu udongo, akasema. Mukuye muione shamba yangu. Niko na mbegu, niko na batoto batano. Nikikosa hii mvua, sina ingine.

Papa Kashindi alikuwa ku kitanda na malaria, iko anatetemeka chini ya blanketi mbili.

— Mama, mashini ya zahabu inasemaka "iko kitu". Haisemake "hakuna". Zile njo kazi mbili.

— Baba yangu, niambieni basi pahali iko kitu. Nitaruka pale, nitalima pengine.

Papa akatosha kichwa mu blanketi. Kisha akaniangalia.

— Enda. Usitie muguu pahali sahani haijapita. Na usiseme hakuna. Umesikia, Mwalimu? Sema iko, ao ufunge kinywa.

Nilichukua Mudogo, juu ilikuwa nyepesi. Ninaiandika vile iko.

Tulifika Kiringye siku ya pili, Jumanne, ku kamio, lori ya mihogo. Shamba ilikuwa inawaka na jua, na mule udongo kulikuwa taka yote ya kambi: mikebe, vipande bya waya, misumari ya masanduku, vyuma vya bomu zenye zilipasukaka. Mudogo alilia mpaka kichwa ikaniuma. Nyuma ya mistari miwili mukono wangu ulizungusha butoni. Sikufikiri. Miaka mitatu mukono ulikuwa unazungusha ile butoni kila asubui, mulimani, kufukuza chuma tubakie na zahabu, na ule mukono ukafanya kazi yake. Kelele ikaisha. Nikapumua. Nikasema mu moyo, kumbe hii shamba haiko mbaya sana.

Nilipita yote, mustari ku mustari. Pahali ililia nilisimamisha kijiti, sikuchimba. Bijiti bilifika kumi na moja. Bantu ba Kiringye balikuwa banaangalia kutoka ku njia, Mama Spesi mbele yabo na mikono ku kifua. Ku barabara kamio ya kurudia Uvira ilikuwa inapiga honi, mara ya kwanza, mara ya pili. Nilikuwa na kiu, nilikuwa na haraka, na ile mama alikuwa ananiangalia.

— Basi, mukobwa? akauliza, mukobwa kwabo ni binti. Mule iko nini?

— Muruke bijiti. Kwengine hakuna kitu.

Akapiga magoti mu njia, akashukuru Mungu. Bantu bakapiga makofi. Akaniambia siku ya ine, Alhamisi, asubui ni zamu yake ya ikibiri, ile desturi yabo bote banakutana banalima shamba ya mumoja, kisha ya mwengine. Nilikimbia ku kamio.

Asubui yake Papa Kashindi alikuwa ameikala ku kiti, homa imeshuka. Nikamuambia yote imeenda muzuri. Akaniambia nipitishe mashini ku mashimo matatu, kama kila siku. Ku hereni ikaongea. Ku ganda ikaongea. Ku musumari, kimya.

— Njo vile uliirudisha kutoka Kiringye?

Nikaangalia butoni.

— Njo vile.

— Ulichukua Mudogo juu ya nini?

— Juu iko nyepesi.

— Na mule mu mini, ile bomu banazikaka mu udongo, unajua kuko nini? Nyingine ni plastike tupu. Chuma ni karesori kamoja, kaspringi, na kamusumari. Ulibaambia nini?

Nikageuza butoni, nikaifungua. Alielewa.

— Ikibiri ni lini?

— Kesho asubui.

Akanipa kitambaa ya kufunga mashini, nirudie Kiringye. Ningependa angenitukana.

Hakukuwa kamio mpaka saa sita ya mchana. Katikati ya njia kulikuwa bariere, muti ya kufunga barabara, na basoda bakanishusha. Kwabo mashini ilikuwa radio ya kuongea na adui. Nikafasiria ni ya zahabu. Ile ilikuwa mbaya zaidi, juu wakaniweka kutafuta zahabu chini ya hema yabo mpaka saa kumi. Nilipata mikebe ya sardini. Kamio ikaenda. Komanda, muntu munene na kofia ndogo, akatosha pete.

— Mashini inajua zahabu? Hii njo ya arusi yangu. Tuone.

Nilifunga butoni ichague zahabu, nikapitisha sahani juu ya pete. Kimya. Nikapitisha tena, kimya. Ilikuwa chuma ya kupakwa rangi, labda bibi yake aliijua, labda hakuijua. Basoda banne bananiangalia, na Komanda anaangalia ekutere. Nikageuza butoni na kidole kidogo, nikapitisha mara ya tatu. Ikalia mpaka soda mumoja akashituka.

— Zahabu ya kweli, Komanda. Nzito.

— Si nilibaambia! akasema kwa basoda. Si nilibaambia?

Akafungua bariere yeye mwenyewe. Niliomba kulala ku paruasi moja ya bapadiri pembeni ya njia, na jua ikitoka nikakamata kinga, baiskeli ya muntu wa makaa mwenye alikuwa anaenda Kiringye. Alinibeba nyuma, mashini ku magoti, na kila mupando nilikuwa nashuka nasukuma naye.

Tulifika balishaanza. Bantu kama makumi tatu, mustari mumoja, majembe yanapanda na kushuka pamoja, nyimbo, mitungi ya kasiksi, pombe ya ndizi, ku kivuli. Balikuwa balianza ku chini, karibu na njia, mistari mitano imekwisha. Nilipiga kelele nikiwa bado ku barabara.

— Musimame! Mutoke! Mutoke pahali mulipitia!

Nyimbo ikakatika. Mama Spesi akainua kichwa.

— Nilikosea, nikasema. Mashini ilikuwa imefungwa, haikusikia chuma. Sijui kuko nini mule. Mutoke.

Njo pale Damasi aliongea. Damasi alikuwa shemeji ya Mama Spesi, muntu mwenye maneno mingi, jembe ku bega.

— Ngoja. Siku ya pili mabomu yalikuwa ku bijiti tu. Leo yamekuwa shamba muzima? Na mashini yako ni ya nini, yaya? Ni ya mabomu?

— Ni ya zahabu, lakini…

— Mumesikia! akageuka kwa bantu. Ni ya zahabu! Amefika Uvira, ameongea na muzee wake, na sasa anarudia mbio mbio, "mutoke, mutoke". Ameona kitu huyu! Bijiti biko bya zahabu!

Bakacheka kwanza. Kisha habakucheka. Niliona macho yanageuka, pole pole, kuangalia bijiti. Kijana mumoja akatupa jembe pale mustari ilifika na akaanza kutembea kuelekea kijiti ya karibu, mu udongo yenye haijalimwa. Nikapiga kelele tena, na kelele yangu ikamuongezea mwendo. Kila neno nilisema ilikuwa inakuwa zahabu mu masikio yabo. Nilifikiri nibawekee ekutere basikie vile shamba inalia na butoni wazi. Kisha nikaelewa: shamba yote ikilia, basi shamba yote ni zahabu.

Nilienda kwa muntu wa makaa. Kiti ya kinga yake ilikuwa na resori mbili, moja imekatika na imefungwa na waya.

— Baba, nipe ile yenye imekatika.

— Na minye nitaikala ku nini?

— Nipe tu.

Nikaiweka mu njia, mbele ya miguu ya Mama Spesi. Nikamuvalisha ekutere ku masikio yake, juu ya kitambaa. Nikaweka butoni vile ilikuwa siku ya pili.

— Mama, ita yule kijana arudie mu hatua zake. Kisha usikilize. Hii njo vile nilipita mu shamba yako.

Akaita, mu Kirundi, jina yote ya ubatizo, na kijana akasimama, muguu moja mbele. Nikapitisha sahani juu ya resori.

— Unasikia nini?

— Hakuna kitu.

— Uko unaiona kwa macho?

— Niko naiona.

— Mu mabomu kuko resori kama hii. Sasa sikiliza tena.

Nikageuza butoni. Mama Spesi akashika kichwa na mikono mbili. Akatosha ekutere, akaniangalia, na nilingojea kofi.

— Basi ulipita mu shamba yangu na masikio ya kufunga.

— Ndiyo, mama.

— Na ukaniambia hakuna kitu.

— Ndiyo.

Hakunipiga. Aligeuka akabaita mumoja mumoja, na jina, kila mumoja arudie mu mustari yenye ililimwa mpaka ku njia. Yule kijana alichukua muda, anatafuta hatua zake mu udongo kavu. Damasi alitoka wa mwisho. Alipita karibu yangu na akasema pole pole, kama siri ya bantu babili:

— Ile ya zahabu, utatuambia siku ingine.

Hakuna kitu ilipasuka siku ile. Bakakata miiba, bakafunga shamba pande zote. Kasiksi bakakunywa kimya, juu ilikuwa tayari. Hakuna mwenye alinipa kikombe, na haikufaa banipe. Mama Spesi alipanda ile mistari mitano na akaomba kipande kwa jirani. Ile msimu batoto bake balikula mihogo ya bantu.

Nilitumika tena mwaka muzima na kidogo. Bantu bengine balikuya na mashamba yabo, tuliwaambia "haiko kazi yetu", na bengine walitutukana. Butoni, nilianza kuiangalia na macho mbele ya kila mustari, siachie tena mukono. Ninyi pia muiangalie. Na ile majaribio ya mashimo matatu, nilikwangura ule mustari nilipigaka chini mu kaye.

Vita ilipopoa kidogo, ikafika ekipe moja, kundi ya bantu ba kutosha mabomu mu udongo, na nguo za kujifunika uso, na mashini zenye hazina butoni ya kuchagua. Balitambaa mu shamba ya Mama Spesi wiki na wiki, na magoti, na kijiti ya kuchoma udongo. Minye nilikuwa mu wiki yangu ya mwisho ya mashini, masomo ilifunguliwa na bakanipa darasa ya tatu ku Kasenga, njo pale muntu mumoja wa kinga akaniletea habari: "Mama Spesi anasema ukuye. Bamepata moja."

Nilienda mikono tupu. Shefu wa ekipe alinionesha shimo. Ilikuwa ku mustari ya sita, hatua mbili kutoka pale majembe yalisimamaka. Kijiti yangu ya karibu ilikuwa mbali, ku ganda ya risasi.

Kisha shefu akaita bantu bote, akasoma karatasi, akasema shamba iko safi, hakuna kitu tena, munaweza kulima. Bantu balikuwa na majembe. Hakuna mwenye alitembea. Shefu akasema tena, akaingia yeye mwenyewe na viatu byake, akatembea mpaka katikati, akarudia. Bakamupigia makofi, na bakabakia ku njia.

Mama Spesi akanipa jembe yake.

— Ile neno "hakuna", weye njo ulituletea mara ya kwanza. Ingia weye.

Nilitosha viatu. Sijui juu ya nini, lakini nilivitosha. Nililima kutoka ku njia mpaka ku miiba ya juu, mustari moja, sio nzuri, muntu wa Nyamianda hajue kulima. Masikio yangu yalikuwa yanatafuta mbu na mbu hakuwako, ilikuwa jembe tu na pumzi yangu. Kila pigo nilikuwa nafunga macho kidogo, kisha nikaona haifae, nikayaacha wazi. Nilipofika ku miiba niligeuka. Mama Spesi alikuwa ameshaingia, nyuma yake bengine, mumoja mumoja, kila muntu anatia muguu mu mustari wangu mbele ya kuanza wake.

Damasi akafika pembeni yangu, akatema mate mu mikono, akainua jembe. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia.

— Yaya, sasa tuongee wazi. Ungeisikia zahabu hapa, ungetuambia?

— Lima, Damasi.